Helmeti ya Bodaboda Tanga: Kipimo, Mkanda na Matunzo

Helmeti mjini Tanga zipo. Pita Ngamiani, Makorora au stendi ya Kange utaziona kila kijiwe: moja kichwani mwa dereva, ya pili imetundikwa kwenye saitimira, mkanda unaning'inia. Shida iko kwenye ukubwa na kwenye mkanda huo unaoning'inia. Ajali ya pikipiki mara nyingi si pigo moja. Mtu hugonga gari au usukani, kisha huangukia lami. Helmeti kubwa, au isiyofungwa, huchomoka kwenye pigo la kwanza, na la pili likakikuta kichwa kitupu. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, rangi au jina la kampuni, hakikisha inakaa kichwani na haitoki.

Pia kuna fikra kwamba helmeti ni ya safari ndefu, ya kwenda Muheza au Pangani, na kwamba kutoka Chumbageni hadi Mkwakwani haina haja. Hesabu haikubaliani na fikra hiyo. Kichwa cha mtu aliyekaa kwenye pikipiki kiko kama mita moja na nusu kutoka chini. Kikianguka kutoka urefu huo kinafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa, hata kama pikipiki ilikuwa imesimama. Mwendo wa pikipiki huja juu ya huo. Ukingo wa barabara ya Ngamiani una ugumu uleule wa lami ya Segera.

Tathmini ya mwaka 2008 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, iliyokusanya tafiti nyingi za waendesha pikipiki, ilikuta kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Ni faida kubwa kupatikana kwa kitu kimoja unachoweza kukinunua dukani.

Kilicho ndani yake

Gamba la nje, la plastiki ngumu au faiba, kazi yake ni kuzuia kitu chenye ncha kisipenye na kulitawanya pigo lisikae sehemu moja. Kinachookoa ubongo hasa ni tabaka lililo chini ya gamba: povu gumu, la aina ya lile jeupe linalofungia televisheni mpya ndani ya boksi. Kichwa kikigonga, povu linabonyea na kukipunguza mwendo ndani ya sentimita mbili tatu, badala ya kukisimamisha ghafla. Likishabonyea halirudi. Ndani kabisa kuna sponji laini ya kukaa vizuri kichwani, ambayo ni ya starehe na kubana tu, haikingi.

Hapo ndipo helmeti nyingi za bei rahisi huanguka mtihani. Ukiwa dukani, ingiza kidole pembeni mwa sponji uisogeze. Lazima uone povu gumu, na liwe na unene wa karibu sentimita mbili na nusu. Ukikuta sponji imegundishwa moja kwa moja kwenye plastiki, irudishe kwa muuzaji. Ile ni kofia ya kumridhisha trafiki. Kipimo kingine ni uzito. Helmeti halisi ya pikipiki hukaribia kilo moja na nusu, na iliyo chini ya nusu kilo haina povu la kutosha. Muuza nyanya yeyote pale Mgandini ana mizani, muombe akupimie.

Kisha tafuta lebo. Helmeti iliyopimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa ina kitambaa kidogo kilichoshonwa kwenye mkanda wa kidevu, chenye herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia, 4 Uholanzi. Chini yake kuna namba ndefu inayoanza na 05 au 06, ndiyo toleo la kanuni, na baada ya mkwaju kuna herufi. P maana yake sehemu ya kidevu imepimwa na inakinga. J ni ya uso wazi. NP maana yake ile sehemu ya kidevu unayoiona ni pambo, haikingi. Stika iliyobandikwa nje kwenye gamba usiitegemee, kwa kuwa huchapwa popote. Alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, nayo itazamwe, lakini kagua na povu kwa mkono wako.

Helmeti za mitumba zisizo za pikipiki

Kwenye mitumba hutoka helmeti nzuri kwa macho, nyepesi, safi, zenye rangi za kuvutia, na mtu akazinunua kwa ajili ya abiria. Nyingi si za pikipiki. Zipo za watu wanaoteleza kwenye theluji huko Ulaya, utazitambua kwa vifuniko laini vya masikio, kishikio cha mpira kisogoni cha kushika mkanda wa miwani ya theluji, na maandishi EN 1077 kwa ndani. Zipo za baiskeli, zenye matundu makubwa, zimeandikwa EN 1078. Zote mbili hupimwa kwa kuangushwa kutoka kama mita moja na nusu. Helmeti ya pikipiki yenye 05 hupimwa kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, na nguvu ya pigo hilo inakaribia kuwa mara mbili ya zile nyingine. Helmeti ya theluji ni nzuri sana kwa kazi yake, mlimani, kwa mtu anayeteleza. Barabara ya Horohoro si kazi yake.

Mbaya kuliko zote ni kofia ya ujenzi. Ile imetengenezwa kuzuia tofali au spana inayodondoka kutoka juu, na ndani ina mikanda tu inayoshikilia kichwa. Tena mkanda wa kidevu wa kofia za ujenzi zenye maandishi EN 397 umetengenezwa kwa makusudi uachie unapovutwa kwa nguvu, ili fundi asinyongwe kofia ikinasa kwenye jukwaa. Yaani inatoka kichwani kwa mpango. Usimpe abiria kofia hiyo, wala usikubali kupewa.

Kupima kichwa

Chukua utepe wa fundi cherehani. Uzungushe juu kidogo ya nyusi, upite juu ya masikio, uende kisogoni pale palipotokeza zaidi. Pima mara mbili tatu na uchukue kipimo kikubwa kuliko vyote. Kwa kampuni nyingi, sentimita 55 hadi 56 ni S, 57 hadi 58 ni M, 59 hadi 60 ni L, 61 hadi 62 ni XL. Ukiwa katikati ya saizi mbili, anza na ndogo. Sponji ya mashavuni hulegea kadiri unavyoivaa, na iliyokuwa sawasawa dukani huanza kucheza baada ya muda.

Ivae kwa kuvuta mikanda yote miwili kwa nje ili helmeti ipanuke, kisha ishushe kuanzia mbele. Ikishakaa, ukingo wa mbele uwe juu kidogo ya nyusi. Ikikaa nyuma mpaka paji lote la uso linaonekana, paji hilo halina kinga. Mashavu yabanwe mpaka ukitafuna uyaume kidogo kwa ndani. Watu wengi wakifika hapa husema inabana na kuomba kubwa zaidi, na ndipo wanapokosea. Ya kuikataa ni ile inayouma sehemu moja, kwa kawaida katikati ya paji au pembeni juu ya masikio. Kaa nayo dukani dakika 15 hadi 20. Ukiivua na kukuta alama nyekundu iliyokolea sehemu moja, umbo la helmeti hiyo si la kichwa chako. Jaribu ya kampuni nyingine.

Sasa jaribu kuitoa. Funga mkanda. Tikisa kichwa kulia na kushoto: ngozi ya uso iende pamoja na helmeti. Helmeti ikicheza peke yake huku uso umetulia, ni kubwa. Halafu inamisha kichwa, mwambie mwenzako aishike ukingo wa nyuma kwa mikono miwili na aisukume kwenda juu na mbele kwa nguvu, kama anayetaka kuipindua ikufunike macho. Ikipinduka na kutoka, usiinunue hata kama lebo zake zote ni sahihi. Jaribio hili halichukui hata dakika moja. Muuzaji anayekukataza kulifanya, muage.

Mkanda

Mkanda upite chini ya taya, karibu na koo, wala usikae kwenye ncha ya kidevu. Ukikaa kwenye ncha unateleza mbele helmeti ikivutwa. Kati ya mkanda na ngozi pabaki nafasi ya kidole kimoja, viwili kwa shida.

Vifungo viko vya aina tatu, na kila kimoja kina kosa lake. Cha pete mbili ndicho imara zaidi na ndicho kinachofungwa vibaya zaidi. Pitisha ncha ya mkanda ndani ya pete zote mbili kutokea upande wa shingo. Kisha irudishe: ipite juu ya pete ya nje na iingie ndani ya pete ya pili peke yake. Vuta ncha. Pete zitabanana na mkanda hautarudi hata ukivuta kwa nguvu zote. Ukiwa umeipitisha ndani ya pete zote bila kuirudisha, utahisi imebana kidogo lakini itateleza yote. Karibu na hapo kuna kibonyezo kidogo cha chuma. Hicho ni cha kushikia ncha isipeperuke na upepo. Watu hubonyeza hicho peke yake wakadhani wamefunga. Kivute kwa vidole viwili uone kinavyoachia.

Aina ya pili ina ulimi wa plastiki wenye meno unaoingia kwenye kifungo kwa mlio wa tik-tik-tik. Kosa lake ni kuacha mkanda mrefu na kuingiza jino moja tu la mwisho. Rekebisha kwanza urefu wa mkanda kwa upande wa pili, ili ulimi uingie mpaka katikati au zaidi. Meno yakilika, kifungo kizima kibadilishwe. Aina ya tatu ni ile ya kubofya, iliyozoeleka kwenye helmeti za bei nafuu. Urefu wake haujirekebishi, kwa hiyo dereva anayebeba abiria wa kila namna lazima aukaze au aulegeze kwa kila kichwa. Plastiki yake hupasuka pembeni, ndani ya meno mawili ya kubofya, ambako hapaonekani mpaka uifungue na kuichungulia kwenye mwanga. Ikague kila wiki.

Kwa dereva: usimkabidhi abiria helmeti ukaondoka. Subiri uone amefunga. "Dada, funga mkanda kwanza ndiyo tuondoke" ni sentensi ya sekunde mbili, na abiria wengi hawajawahi kufundishwa kifungo hicho. Mfungie ukiruhusiwa, au mwoneshe kwa helmeti yako.

Ushungi, kofia, nywele na usafi

Abiria wengi hukataa helmeti ya bodaboda kwa sababu ya jasho la wengine, na sababu hiyo ni ya haki. Mapunye na chawa huambukizwa kwa kuvaliana kofia. Jibu ni kitambaa. Mtandio mwepesi wa pamba, au zile kofia nyembamba za nailoni wanazotumia saluni, huzuia ngozi isigusane na sponji. Dereva mwenye boksi la kofia hizo chini ya siti anapata wateja ambao wenzake wanawakosa. Abiria anayepanda kila siku anunue helmeti yake mwenyewe kabisa, ya saizi yake. Huo ndio ushauri wetu wa kwanza kwa mwalimu au muuguzi anayekwenda kazini kwa bodaboda asubuhi na kurudi jioni.

Ushungi unakubali helmeti vizuri ukiwa wa kitambaa chepesi na tabaka moja au mawili kichwani. Ondoa pini za pembeni na za utosini kabla hujavaa, kwa sababu pigo likija zinabanwa baina ya povu na kichwa. Pini ya chini ya kidevu nayo ihamishwe mbali na njia ya mkanda. Kilemba kinene, au fundo kubwa utosini, huinua helmeti na kuifanya ikae juu juu, na hapo lile jaribio la kuisukuma kutoka nyuma litaishinda. Nywele zilizosukwa na kufungwa juu zishushwe zifungwe chini kisogoni, chini ya ukingo wa helmeti. Kofia ya kiua ivuliwe na kutiwa mfukoni au kwenye mfuko. Na kwa kuwa tumefika kwenye mavazi: pindo la baibui likusanywe lisikaribie mnyororo na gurudumu la nyuma, kwani likinaswa linamvuta mtu chini kwa kisogo.

Mtoto mdogo usimvishe helmeti ya mtu mzima. Shingo yake haiubebi uzito ule, na helmeti inazunguka mpaka inamfunika macho. Kama huna ya saizi yake, mpande bajaji au daladala.

Joto, chumvi na mvua

Januari na Februari, kaskazi ikivuma na jua limekaza, ndipo watu huzivua. Nunua nyeupe au ya rangi ya kung'aa, haishiki joto kama nyeusi na usiku inaonekana na dereva wa lori. Fungua matundu yote ya hewa. Helmeti ya kufunguka kidevuni, ile ya kuinua mbele, ni nzuri kwa vijiwe vya Tanga kwa sababu unaongea na mteja bila kuivua, lakini mwendoni ifunge, isipokuwa lebo yake imeandikwa P na J kwa pamoja. Ya uso wazi inavumilika zaidi kwa joto, ila taya na meno vinabaki nje, na hilo ulijue unapoichagua.

Sponji inayotoka ioshwe kila wiki kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mtoto, ikamuliwe kwa kubonyeza bila kusokota, ianikwe kivulini. Isiyotoka ifutwe kwa kitambaa chenye povu la sabuni hiyohiyo. Karibu na bahari, Raskazone na Sahare, upepo wa chumvi hula pete na misumari ya mkanda. Futa kwa kitambaa chenye maji baridi, kausha, na ukiona kutu imechimba chuma, hiyo helmeti imekwisha. Petroli, thina na mafuta ya taa visiiguse kamwe. Petroli huyeyusha povu, na thina hudhoofisha plastiki ya gamba bila kuonesha dalili yoyote kwa macho. Kwa hiyo usiiweke juu ya tangi wakati wa kujaza mafuta, na usiipeleke kwa fundi rangi ikapigwe upya.

Tabia ya kuitundika kwenye saitimira nayo iachwe. Ncha ya kioo hubonyeza povu kwa ndani, na pale palipobonyea hapakingi tena. Itundike kwa mkanda kwenye ndoano, au iweke juu ya siti ikiwa imeegemea vizuri.

Masika yakianza, kioo hushika ukungu kwa ndani. Kifungue upana wa kidole hewa ipite. Tone moja la sabuni ya vyombo likisuguliwa kwa ndani na kufutwa mpaka kioo king'ae, hupunguza ukungu kwa muda. Kioo kilichochunika ni hatari kubwa usiku: taa za malori ya saruji yanayotoka Pongwe hutawanyika kwenye kila mchubuko na unakuwa huoni mbele. Hubadilishwa chenyewe bila kununua helmeti nzima. Kioo cheusi ni cha mchana tu.

Kuibadilisha, na siku ya ajali

Helmeti iliyopata ajali kichwani haitumiki tena hata kama kwa nje ina mchubuko mmoja, kwa sababu povu limeshabonyea. Iliyodondoka tupu kutoka mkononi kwa kawaida haiharibiki, lakini ikague: bonyeza povu kwa kidole gumba kote, tafuta ufa au sehemu laini, na ukamue gamba kwa mikono miwili usikilize kama linalia. Watengenezaji wengi hushauri kuibadilisha baada ya miaka 5 ya matumizi. Kwa helmeti ya kijiweni, inayovaliwa na kuvuliwa kutwa nzima juani, sisi tusingeisubiri miaka hiyo yote sponji na mkanda vikishachoka. Tarehe ya kutengenezwa iko ndani, chini ya sponji au kwenye mkanda.

Ukimkuta aliyeanguka na helmeti kichwani, anapumua, anajibu, usimvue. Inua kioo, legeza mavazi ya shingoni, mzuie asigeuze kichwa, mwitie msaada. Huvuliwa tu kama hapumui au anatapika na njia ya hewa inaziba, na hufanywa na watu wawili. Wa kwanza apige magoti kwenye utosi wa majeruhi aishike helmeti kwa mikono miwili isitikisike. Wa pili, akiwa ubavuni, afungue mkanda au aukate, aweke mkono mmoja kwenye taya na mwingine aupitishe chini ya shingo mpaka kisogoni, aibebe shingo. Hapo ndipo wa kwanza aitanue helmeti kwa pembeni na kuivuta taratibu, akiinua kidogo ukingo wa mbele upite pua. Ikishatoka, yeye huchukua kichwa kwa mikono miwili, na hakiachwi mpaka wahudumu wa afya wafike.

Helmeti hiyo ipelekwe pamoja na majeruhi mpaka hospitali ya Bombo au kituo chochote mtakachofika. Daktari akiona palipobonyea anajua pigo liliingia upande gani na kwa nguvu kiasi gani, hata kama majeruhi anaongea na kusema yuko sawa. Wakishamaliza nayo, kata mikanda yote miwili kwa kisu ndipo uitupe, ili mtu asiiokote akaiosha na kuirudisha barabarani.